Roboti Ingoje Mkono

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya wahandisi, wanafunzi, wafanyakazi wa afya na familia za wagonjwa wa kiharusi

Yambo yenu, wababa na wamama. Yambo vijana wa Politekniki, yambo ninyi mnaofanya kazi ya kine, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, katika hospitali na vituo vyetu. Naona kuna familia zilizokuja na wagonjwa wao, na wengine wametoka mbali, Katuba, Ruashi, hata Kipushi. Asanteni sana. Nimeomba ninyi mkae mbele na wahandisi wakae nyuma, kwa sababu leo tunazungumzia mikono yenu, na hakuna anayeijua kuliko ninyi.

Mimi ni fundi wa mitambo na umeme. Katika mji huu, mtu wa umri wangu aliyesomea kazi hiyo aliisomea kwa ajili ya mgodi na kiwanda: mota za pampu, mikanda inayopandisha mawe, vinu vya kusaga madini. Siku hizi mota ninazozishika ni ndogo kuliko kidole gumba, na mzigo wake ni vidole vinne vilivyojikunja ndani ya kiganja. Mzigo huu ni mgumu kuliko mawe. Jiwe halichoki, haliumwi, na tabia yake ya asubuhi ndiyo ya jioni.

Neno langu la leo ni moja. Roboti ya kuvaa mkononi inamfaa mgonjwa wa kiharusi pale tu inapomngoja ajaribu mwenyewe kwanza, ndipo imsaidie. Roboti inayomfungulia vidole yeye akiwa anaangalia dirishani haimrudishii mkono. Mengine yote nitakayosema, ya mota na betri na gharama, yanatoka hapo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kiharusi, ambacho hapa kwetu kila mtu anakiita AVC, ni ajali ya damu ndani ya ubongo. Mara nyingi mshipa unaziba, mara nyingine unapasuka, na kwa vyote viwili tansio ya juu, yaani shinikizo la damu, ndiyo inayoongoza kwa lawama. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache. Duniani watu wapatao milioni 12 hupatwa kila mwaka, na inakadiriwa kwamba katika kila watu wazima wanne mmoja atapatwa wakati fulani wa maisha yake. Katika Afrika kinawapata watu wangali na nguvu za kazi, wenye watoto shuleni.

Mishipa ya fahamu inapotoka kwenye ubongo kushuka mwilini hupishana, kwa hiyo upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto. Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi zimeliona bila kuelezwa sababu yake. Mgonjwa anarudi kutembea, japo kwa kuburuta mguu, lakini mkono unabaki umening'inia. Sababu ni kwamba mshipa unaoathirika mara nyingi kuliko mingine ndio unaolisha eneo la uso na mkono. Eneo la mguu linalishwa zaidi na mshipa mwingine. Tena mkono una kazi nyingi ndogondogo. Mguu ukibeba mwili na kusogea mbele umetimiza sehemu kubwa ya kazi yake, ila mkono lazima ufunge kifungo, ushike kijiko, uhesabu noti, umege bukari, ule ugali wetu.

Najua kwamba katika nyumba nyingi swali la kwanza si la tansio, ni la mtu: nani amemfanyia hivi? Sitabishana na familia yoyote juu ya imani yake. Naomba tu kwamba maombi yaendelee mgonjwa akiwa amekwisha kufikishwa hospitali, siku ileile, saa ileile, kwa maana ubongo haungojei kikao cha ukoo.

Sasa niwaonyeshe mkono wenyewe, maana fundi anayeanza na mota kabla ya kuutazama mkono atatengeneza kitu cha kuweka kabatini. Kuna mama mmoja ninayemfahamu, alikuwa akiuza mboga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na AVC ilimpata mkono wa kulia. Nilimwomba anionyeshe anavyoshika kitu. Akaweka mezani kopo tupu la nyanya. Kabla mkono haujasogea, bega lilipanda. Kisha kiwiko kikajikunja chenyewe, kifundo kikainama, na vidole, badala ya kufunguka, vikabana zaidi. Ngumi ikalisukuma kopo hadi ukingoni mwa meza. Mama hakukasirika. Alileta mkono wa kushoto akafungua vidole vya kulia kimoja kimoja, akianza na kidogo na kumaliza na gumba, akaliingiza kopo ndani, akaviachia. Vikalishika barabara. Nilijaribu kuliondoa, likakataa. Nikamwambia, "Mama, sasa liachie." Akanitazama akasema, "Hapo ndipo penyewe, mwanangu."

Wahandisi wa nyuma, mmesikia? Kwa wagonjwa wengi wa namna hii nguvu ya kufumba ipo, mara nyingine imezidi. Kinachokosekana ni kufumbua. Na bado kila mwaka huletwa michoro ya mikono ya chuma inayobana kwa nguvu za ajabu. Mama yule hahitaji kubana. Anahitaji vidole vifunguke anapotaka vifunguke.

Je, mkono huo unaweza kurudi? Mara nyingi sana sehemu yake inaweza, na sisemi hivyo kwa kufariji tu. Ubongo una uwezo wa kugawa kazi upya. Mwaka 1996 mtafiti Randolph Nudo na wenzake, huko Marekani, walionyesha jambo hilo kwa nyani wadogo walioharibiwa sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza mkono. Wale waliozoezwa kuokota chakula kwenye vishimo vidogo hawakulipoteza eneo la mkono lililobaki karibu na jeraha. Kwa wale walioachwa bila mazoezi, eneo hilo lilipungua. Tofauti ilikuwa kazi, kazi iliyorudiwa mara nyingi mno.

Mwenzake katika fani hiyo, Edward Taub, alikuwa ameona upande wa pili wa jambo. Mkono dhaifu ukijaribu na kushindwa, ukajaribu tena ukashindwa, mtu anaacha kuutumia. Mkono mzima unachukua kazi zote, na ule dhaifu unazoea kutofanya kitu hata pale ambapo ungeweza. Ndipo ukaja utaratibu wa kuuvisha mkono mzima glavu nene usifanye kazi, ili ule dhaifu ulazimike. Utafiti mkubwa wa utaratibu huo ulitangazwa mwaka 2006. Wagonjwa 222, miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi, karibu nusu yao wakiwa katika utaratibu huo na waliobaki katika matunzo ya kawaida. Waliovaa glavu walikaa nayo sehemu kubwa ya saa zao za kuwa macho kwa majuma mawili, pamoja na mazoezi ya kila siku. Mikono yao iliendelea kuliko ya wengine, na faida ilionekana hata mwaka mmoja baadaye.

Lakini kulikuwa na sharti la kuingia, na sharti hilo ndilo lililonifanya nianze kazi hii. Mgonjwa alitakiwa awe anaweza, japo kidogo, kuinua kifundo na kufungua vidole. Mama wa kopo la nyanya asingekubaliwa. Mlango wa tiba nzuri kuliko nyingi ulikuwa mbele yake, na ufunguo wa mlango huo ni kitu kilekile ambacho ugonjwa ulimnyang'anya. Hapo ndipo naiona kazi ya roboti. Impe ule mfunuko mdogo wa vidole, apate kuingia darasani.

Halafu kuna hesabu. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichungulia vikao 312 vya mazoezi katika vituo saba vya Marekani na Kanada, nchi tajiri, zenye vifaa. Walihesabu mkono unarudia mazoezi ya maana mara ngapi katika kikao kimoja. Wastani ulikuwa 32. Wanyama wa maabara wanarudia mamia kwa siku ndipo ubongo wao ubadilike. Sasa njooni kwetu, ambako kine mmoja ana foleni ya wagonjwa ukutani, na mgonjwa amelipa teksi kwenda na kurudi. Mtu anafanyiwa mazoezi mara moja au mbili kwa juma, akifika nyumbani mkono unawekwa juu ya mto unapumzishwa. Silaumu kine wala familia. Nasema tu kwamba hesabu hiyo haitoshi.

Roboti za kwanza zilizojengwa kwa ajili ya hesabu hiyo hazikuwa za kuvaa. Katika miaka ya 1990, pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walitengeneza mashine iliyoitwa MIT-Manus: meza, skrini, na mkono wa chuma ambao mgonjwa anaushika na kusogeza alama kwenye skrini. Akikwama, mashine inamsukuma kidogo. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 127, waliokwisha kupita miezi sita au zaidi tangu kiharusi, wengi wao wameathirika vibaya. Katika kikao kimoja mashine iliwafanya warudie zaidi ya mara elfu. Nafuu ilikuwa ndogo, ikaonekana zaidi kadiri miezi ilivyosonga, na ilikaribia sawa na ya kundi lililozoezwa na binadamu kwa kasi hiyohiyo. Maana yake binadamu akiweza kurudia mara elfu, anafanya vizuri kama roboti. Tatizo, akimaliza mgonjwa mmoja mikono yake mwenyewe imekwisha.

Kisha mwaka 2019 Uingereza ilitoa utafiti uliowavunja moyo wengi, na mimi naomba kila mwanafunzi hapa ausome kabla ya kushika bisibisi. Wagonjwa 770. Kundi moja lilipata mazoezi ya roboti dakika 45, mara tatu kwa juma, kwa majuma 12. Roboti haikuwafanya watumie mkono vizuri kuliko matunzo ya kawaida. Walisogeza viungo kiasi fulani vizuri zaidi, lakini nguo, kijiko, kazi za nyumbani, hazikubadilika kwa kiwango kilichotarajiwa. Hata kundi lililopewa mazoezi ya ziada na binadamu halikufikia shabaha hiyo.

Wengine wanatumia matokeo hayo kusema roboti ni pesa iliyotupwa. Mimi nasoma hivi: dakika 45 mara tatu kwa juma ni chache mno kwa mkono ulioharibika sana, na kusogeza alama kwenye skrini si kumega bukari. Mashine ilikuwa kliniki, maisha yalikuwa nyumbani. Ndiyo maana nashikilia roboti ya kuvaa. Si kwa kuwa ni ya kisasa. Ni kwa kuwa inaweza kwenda na mgonjwa pale kwenye sufuria, kwenye kikombe, kwenye kitasa cha mlango wake mwenyewe.

Wazo la kuvaa msuli wa bandia ni la zamani kuliko wengi wetu tulivyo. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia wa Marekani, Joseph McKibben, ambaye binti yake alipooza kwa polio, alitengeneza msuli wa hewa: mpira wa ndani uliovishwa wavu wa nyuzi. Ukijaa hewa unanenepa na kufupika, na kwa kufupika unavuta. Alifanya hivyo kwa ajili ya mkono wa mtoto wake. Nataka vijana wakumbuke hilo, kwamba msuli huo ambao leo uko katika maabara za dunia nzima ulianza na baba na mtoto.

Huko Zurich walijenga ARMin, mkono wa chuma unaouvaa mkono wote kuanzia begani. Chuo Kikuu cha Harvard, maabara ya Conor Walsh, waliacha chuma wakatumia silikoni laini inayojazwa maji kwa shinikizo na kufuata mkunjo wa kidole, pampu na betri zikakaa kiunoni. Kuna kifaa kingine, MyoPro, kilichoanzia katika utafiti wa MIT, ambacho kinasoma umeme wa misuli ya mgonjwa na kuufanya amri ya mota. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa kinachosoma mawimbi ya ubongo kutoka upande uliobaki mzima, kikafungua vidole mgonjwa anapokusudia kuvifungua. Bei za mashine za aina hizi zinakwenda makumi ya maelfu ya dola, na nyingine zaidi. Sina haja ya kuwaambia maana yake kwa familia ya mtaa wetu wa Kamalondo.

Sisi tunachojenga ni kitu kidogo. Nitakieleza bila kuficha, maana hakuna siri ndani yake na ningefurahi kuigwa.

Ni glavu isiyo na viganja. Juu ya mgongo wa mkono kuna sahani nyepesi ya plastiki, na kutoka hapo nyuzi zinapita juu ya kila kidole hadi ncha. Nyuzi zinavutwa na mota zilizokaa ndani ya kiboksi kiunoni, kupitia waya uliomo ndani ya ala yake, ule ule wa breki za baiskeli. Tumeuchagua kwa sababu mbili: uzito unaondoka mkononi, na waya ukikatika unauzwa sokoni, haungoji ndege kutoka Ulaya. Mkono uliopooza hauwezi kubeba hata robo kilo bila bega kulipa gharama, kwa hiyo kila gramu inayowekwa baada ya kifundo ina kesi ya kujibu.

Glavu yenyewe imetutesa kuliko mota. Mkono uliofumbwa hauingii katika glavu ya vidole vitano. Mtu mwenye afya anachukua sekunde tano kuvaa glavu, mgonjwa na binti yake wanaweza kupambana hadi jasho liwatoke, na mwisho binti anasema, "Tuache, kesho." Kesho hiyo haifiki. Basi tumekata: glavu sasa inafunguka yote kwa mgongo, inalazwa juu ya mkono kama ulivyo, kisha kila kidole kinafungwa kwa kamba yake pana yenye kubana na kubanduka. Aliyetuonyesha mahali pa kukata si mhandisi, ni fundi cherehani.

Kuna jambo la kasi. Msuli uliokakamaa baada ya kiharusi unapinga zaidi kadiri unavyovutwa haraka. Ukiuvuta polepole unakubali, ukiushtua unajifunga. Kijana anayetoka kiwandani silika yake ni kasi, mota ianze, ifike, irudi. Hapa ni kinyume. Mota lazima ivute taratibu, ipime upinzani, na upinzani ukipanda ghafla isimame na kungoja msuli utulie. Na hali inabadilika. Asubuhi za Juni na Julai, mnajua baridi ya Lubumbashi ilivyo, vidole vinakuwa vigumu kuliko saa sita mchana, na mpango uliofaa jana unakataa leo. Kwa hiyo tunaanza na maji ya uvuguvugu na kunyoosha kwa mkono wa binadamu, ndipo glavu ifuate.

Na sasa kule kungoja. Juu ya misuli inayofungua vidole, nyuma ya mkono chini ya kiwiko, tunabandika vihisio viwili. Msuli unapojaribu kufanya kazi, hata usiposogeza kitu, unatoa umeme mdogo sana, wa kiasi cha elfu moja ya volti au chini ya hapo. Tunaukuza, tunauchuja kelele, na kompyuta ndogo inauliza swali moja tu: je, mtu huyu amejaribu kufungua? Akijaribu, mota inavuta. Asipojaribu, mota inakaa kimya. Kadiri majuma yanavyokwenda kine anapandisha kizingiti, yaani kiasi cha umeme wa msuli kinachoiamsha mota, ili msaada upungue na jaribio liongezeke. Mzazi anayemfundisha mtoto kutembea hambebi; anamwachia kidole kimoja ashike, kisha anakiondoa.

Kwa nini ninashikilia hili kwa ukali? Kwa sababu ubongo unajifunza pale kusudio na mwendo vinapokutana. Mgonjwa akikusudia, na vidole vikafunguka wakati huohuo, na akaviona, na akahisi ngozi imegusa kopo, vitu hivyo vinaunganishwa. Mota ikifanya kazi peke yake, viungo vinanyooka, na hilo lina faida yake ya kuzuia viungo kuganda, lakini amri ya kutoka ubongoni haikupita. Nimeona wagonjwa wakilala usingizi huku mashine ikiwafanyisha mazoezi. Familia inafurahi, kazi inaonekana inafanyika. Mkono haujafanya kitu.

Kungoja kuna ugumu wake. Baada ya kiharusi misuli ya kufumba na ya kufumbua inaweza kuamka pamoja, na vihisio vinasikia vurugu. Oktoba, kabla ya mvua, jasho linabandua vihisio au kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Kuna wagonjwa ambao ishara yao ni dhaifu mno. Kwa hao tunasoma mwendo wa bega au tunaweka kitufe kwenye mkono mzima, ingawa si sawa na kusoma msuli wenyewe. Na kuna wale ambao glavu haiwafai kwa sasa: mwenye maumivu makali ya bega, mwenye kidonda, mwenye viungo vilivyoganda kabisa. Kumlazimishia mota mtu wa namna hiyo ni kumdhuru.

Usalama nausema wima mbele ya wanafunzi. Mkono wa mgonjwa wa kiharusi mara nyingi umepoteza hisia. Kamba ikimkata hatalia, kwa sababu hajasikia. Kwa hiyo kila baada ya muda mfupi glavu inavuliwa na ngozi inatazamwa, na alama nyekundu isiyoondoka ni amri ya kusimama. Nyuzi zina kizuizi cha chuma ili kidole kisiweze kupinduliwa hata kompyuta ikipata wazimu. Na kuna kamba ya kuachia, inayovutwa na mkono mzima, ambayo haitegemei umeme wala programu. Mradi usio na kamba hiyo sitauruhusu uguse mtu.

Betri inachajiwa umeme unapokuwepo. Delestaje, kukatwa umeme kwa zamu, tunaijua sote, kwa hiyo kifaa chochote cha nyumbani kinachohitaji umeme wa ukutani muda wote hakijatengenezwa kwa ajili yetu. Betri ya kiunoni inatosha mazoezi ya siku, na paneli ndogo ya jua inaijaza. Naomba mnivumilie hapa kidogo. Ndani ya mota hii kuna waya wa shaba, na betri nyingi za litiamu zina kobalti; sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, Kolwezi na jirani zake. Tunachimba vitu hivi kwa mikono yetu, na mikono yetu ikipooza havirudi kuihudumia. Jambo hilo linaniuma, na sitaki lizoeleke.

Kuna watakaosema Mkongomani hawezi kujenga roboti. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka roboti za kuongoza magari katika barabara za Kinshasa mwaka 2013, za alumini, zikitumia umeme wa jua, zikisimama mvuani na vumbini. Hatuanzi na sifuri.

Ndugu zangu wa kine, msiogope kwamba glavu inakuja kuwatoa kazini. Nani atapandisha kizingiti? Nani ataona kwamba bega limeanza kupanda, kwamba mgonjwa anadanganya kwa kuinamisha mwili mzima? Mashine inahesabu, haioni. Ninachowaomba ni vipimo. Pimeni mkono kabla hatujaanza, kwa kipimo cha Fugl-Meyer mnachokijua, chenye alama 66 kwa mkono, na pimeni pia kazi za kawaida: kikombe, kifungo, kijiko. Mpime tena baadaye. Glavu ikishindwa, nataka iandikwe kwamba imeshindwa, na kwa mgonjwa wa namna gani.

Familia, kuna mambo ambayo hayangoji roboti yoyote. Msimwinue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliopooza; bega limelegea na linaweza kutoka mahali pake. Akikaa, mkono uwe mezani mbele ya macho yake, usining'inie, hasa kama ni wa kushoto, kwa maana wapo wanaosahau kabisa kwamba upande huo upo. Mpeni mkono dhaifu kazi hata kama ni kushikilia tu bakuli huku mwingine unakoroga. Na vidonge vya tansio visiachwe kwa sababu kichwa kimeacha kuuma, kwani kiharusi cha pili mara nyingi kinakuja kwa aliyeacha dawa.

Kwa Politekniki, ninahitaji vijana wawili wa elektroniki wa kushughulikia jasho na vihisio, na mmoja wa mekanika mwenye subira ya mota za polepole. Kwa mafundi cherehani, wa soko la Kenya na kwingineko: tunahitaji glavu za ukubwa tofauti, kwa mikono iliyovimba na mikono iliyokonda, zinazofulika kwa sabuni na kukauka usiku mmoja. Malipo yapo, si makubwa, tutayazungumza.

Glavu ziko pale mezani, betri zimejaa. Anayetaka kujaribu aje pamoja na kine wake. Tutaivisha kwanza kwenye mkono mzima ili ajue inavyovuta, ashike mwenyewe kamba ya kuachia, ndipo tuhamie kwenye mkono mwingine. Sasa maswali, na naomba tuanze na wagonjwa.